Namba ya Makala Inafika Mlangoni, Nani Anafungua?

Machi 2017 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliruhusu mtu kuhama mtandao wa simu bila kubadili namba. Kabla ya hapo ukiona 0754 ulijua ni Voda, ukiona 0784 ulijua ni Airtel, ambayo sisi tulioanza na simu za mche wa sabuni tuliendelea kuiita Celtel miaka mingi baada ya jina kufa. Baada ya hapo, tarakimu za mwanzo zikabaki kuwa kumbukumbu ya namba ilikozaliwa. Shangazi yangu wa Tandika ana namba ya 0784, lakini vocha ananunua za mtandao mwingine kabisa, na hakuna ndugu hata mmoja aliyewahi kumkosa kwa sababu hiyo. Ukimpigia, mitambo inauliza kwanza: namba hii leo iko kwa nani? Ikishajibiwa, ndipo simu inaelekezwa.

Namtaja shangazi kwa sababu mfano wake ndio unaowaingia wanafunzi haraka kila ninapowaeleza DOI, kitambulishi cha kudumu cha makala, ni kitu gani. Ile namba inayoanza na 10, ambayo siku hizi huandikwa mwishoni mwa karibu kila rejeleo, inafanya kazi kwa mtindo huohuo. Ina sehemu mbili zinazotenganishwa na mkwaju. Kabla ya mkwaju kuna tarakimu za aliyeisajili: 10.4314 ni ya African Journals Online, jukwaa lenye makao Afrika Kusini lililoanza 1998 na linalobeba majarida mengi ya vyuo vyetu; 10.1371 ni ya PLOS, mchapishaji wa majarida ya sayansi; 10.5281 ni ya Zenodo, hifadhi ya tafiti inayoendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva. Baada ya mkwaju inakuja alama ya makala yenyewe. Ukiiandika mbele ya anwani ya doi.org, seva inatazama kwenye orodha yake makala hiyo leo inakaa wapi, kisha inakupeleka. Jarida likiuzwa au likihamia tovuti nyingine, namba haiguswi; kinachobadilishwa ni anwani iliyo nyuma yake. Na kama ilivyo 0784 ya shangazi, tarakimu za mwanzo hazikuambii mwenye jarida leo ni nani. Zinakuambia nani alisajili makala siku ya kwanza.

Mimi ni mkutubi hapa Dar es Salaam, wa kizazi kilichofundishwa kazi mbele ya droo za kadi za katalogi. Nina jambo moja la kusema, na nalisema kwa wakutubi wenzangu na kwa wanaotupangia bajeti. Namba hizi hazikutupunguzia kazi. Ziliihamisha kazi kutoka kwenye rafu kwenda kwenye kiungo cha mtandaoni, na sisi hatukuhama nayo.

Shida iliyozaa namba hizi inaeleweka vizuri na mtu yeyote wa mji huu. Anwani ya kawaida ya tovuti ni kama tulivyozoea kuelekezana: shuka kituoni, vuka barabara, ukiona genge la mama muuza dagaa ingia kushoto, halafu ulizia. Inafaa kabisa mpaka siku genge litakapovunjwa. Barabara ya Samora wazee wetu waliijua kama Independence, na kabla ya uhuru ilikuwa Acacia. Aliyeandika barua mwaka 1955 akaweka Acacia Avenue kwenye bahasha hakukosea chochote. Mji ndio ulioondoka chini ya maneno yake. Kwenye intaneti kuondoka huko hakusubiri hata miaka 10. Mwaka 2014 watafiti wa sheria wa Harvard walionyesha kuwa zaidi ya asilimia 70 ya viungo kwenye Harvard Law Review na majarida mengine waliyoyapima, pamoja na nusu ya viungo vilivyomo ndani ya hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani, havikumfikisha tena msomaji kwenye kile kilichonukuliwa. Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew nacho kikapima kurasa zilizokuwepo 2013 na kukuta asilimia 38 hazifunguki tena. Hebu fikiria hukumu inayomfunga mtu, ushahidi wake umetajwa kwa kiungo, na kiungo kinafungua ukurasa mtupu.

Wachapishaji waliliona hili mapema. Wazo la DOI lilitangazwa kwenye Maonyesho ya Vitabu ya Frankfurt mwaka 1997, likasimamishwa juu ya mfumo wa Handle, unaozipa nyaraka za kidijitali namba za kudumu, uliotoka kwenye taasisi ya Robert Kahn, mmoja wa wale wawili waliobuni itifaki zinazoiendesha intaneti. Mwaka 2000 wachapishaji wakaunda Crossref ili makala ya mmoja iweze kuelekeza kwenye makala ya mwingine bila wao kukaa na kuandikiana mikataba wawili wawili. DataCite ikafuata 2009 kwa ajili ya data za utafiti. Mwaka 2012 DOI ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 26324. Leo Crossref peke yake ina rekodi zaidi ya milioni 150.

Lakini neno "kudumu" limewapotosha wengi, wakiwemo wakuu wetu wa vitengo. Wanasikia "kitambulishi cha kudumu" na kudhani ni kitu kilichochongwa kwenye jiwe. Namba inadumu kwa sababu moja tu: kuna mtu mahali fulani ambaye, jarida likihama, anaingia kwenye mfumo na kubadilisha anwani. Ndiyo ahadi anayoiweka kila mwanachama anayejiunga na Crossref. Asipoitimiza, namba inabaki ikielekeza kwenye nyumba iliyobomolewa. Tarehe 20 Januari 2015 mfumo mzima uliyumba, na viungo vya makala duniani kote vikaanza kukatika, kwa sababu usajili wa jina doi.org ulikuwa haujahuishwa kwa wakati. Hapakuwa na shambulio wala mtambo ulioungua. Ilikuwa ada ndogo ambayo mtu alipaswa kuikumbuka. Na mwaka 2024 mtafiti Martin Eve alichapisha matokeo ya kupima zaidi ya makala milioni 7 zenye DOI: takriban asilimia 28, yaani zaidi ya milioni 2, hakuzikuta kwenye hifadhi yoyote kati ya zile kubwa za kumbukumbu alizozichunguza. Seva za wachapishaji wa makala hizo zikizimwa kesho, namba zitabaki na hakutakuwa na kitu cha kuzielekezea.

Hata hivyo, kwa mwanafunzi wa Dar, namba iliyokufa siyo tabu kubwa zaidi. Tabu kubwa ni namba iliyo hai, inayomfikisha salama kabisa kwenye mlango uliofungwa.

Jioni moja nesi mmoja anayesoma shahada baada ya zamu alikuja dawatini kwangu, sare yake ya hospitali ikichungulia chini ya sweta.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu, karibu."

"Dada, hii namba mwalimu ametupa tuisome, nimeifungua inanidai dola 35. Nimejaribu na simu ya mwenzangu, hivyohivyo. Sasa sijui nimekosea wapi."

Hakuwa amekosea popote. Dola 35 ni zaidi ya shilingi elfu 80, na tayari alikuwa amemaliza bando la siku akirudia kuufungua ukurasa uleule. Makala yenyewe ilihusu watoto wenye selimundu, na nilipousoma muhtasari nikaona watoto waliopimwa ni wa hapahapa Dar. Yeye anawahudumia watoto hao wodini, na kusoma kilichoandikwa juu yao anadaiwa fedha za kigeni. Nikageuza kompyuta yangu, nikaingia kwenye lango la Research4Life, mpango unaozifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya utafiti, kwa akaunti ya taasisi yetu, nikatafuta jina la jarida, nikafungua toleo. Makala ilikuwa humo nzima, bure na halali. Haikuchukua hata dakika tatu. Alinitazama akaniuliza swali ambalo mpaka leo sijaona mtu wa kulijibu kwa niaba ya taaluma yetu: "Sasa mbona haikuniambia?"

Haikumwambia kwa sababu DOI haijui yeye ni nani. Inajua makala inakaa wapi kwa mchapishaji, basi. Naye mchapishaji humtambua msomaji wa chuo kwa anwani ya mtandao wa chuo, ilhali binti yule alikuwa anatumia bando lake mwenyewe, amekaa kwenye daladala kati ya Buguruni na Mbagala. Kwa mchapishaji alikuwa mpita njia kama wapita njia wengine. Nakala ambayo alikuwa na haki nayo ilikuwepo, ila kwenye mlango mwingine, na baina ya milango hiyo miwili hapakuwa na mtu wa kumwelekeza. Mtu huyo anatakiwa kuwa maktaba.

Wataalamu walilipa tatizo hili jina tangu miaka ya mwisho ya 1990: tatizo la nakala stahiki. Makala moja inaweza kukaa sehemu tano, na iliyo stahiki inategemea anayeuliza ni nani. Aliyelikamata kwa mikono miwili alikuwa Herbert Van de Sompel, akiwa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji. Wazo lake lilikuwa jepesi kuelewa, na kwangu mimi ni la haki. Kiungo kisiende moja kwa moja kwa mchapishaji. Kipite kwanza kwenye seva ya maktaba ya msomaji, kikiwa kimebeba maelezo ya makala: namba ya ISSN ya jarida, juzuu, ukurasa, mwaka, na DOI kama ipo. Seva ya maktaba inatazama daftari lake la haki, inaona jarida hili tunalipata kupitia wapi na kuanzia mwaka gani, kisha inampeleka msomaji kwenye nakala yake. Mtindo huo wa kiungo ndio unaoitwa OpenURL, na baadaye ukawa kiwango rasmi kule Marekani. Vyuo vikubwa vya huko vikaujenga ndani ya kila katalogi, na mwanafunzi wao anaona kitufe kimoja tu chenye jina la maktaba yake.

Hilo daftari la haki ndilo lenye kazi. Jarida moja tunalipata kuanzia 1998, jingine mwaka wa mwisho umefungwa, jingine lilihamia kampuni nyingine Januari na hakuna aliyetuarifu, jingine limebadili jina na kupata ISSN mpya. Daftari lisipopitiwa kila mara, seva inamwambia mwanafunzi "hatuna" wakati tunayo, au inamwambia "tunayo" kisha inampeleka kwenye ombi la dola. Hakuna programu inayojaza daftari hilo peke yake. Kampuni zinauza madaftari yaliyojazwa nusu, nusu ya pili ni ya mkutubi anayeijua maktaba yake.

Hapa kwetu haki tunazo nyingi kuliko wanafunzi wetu wanavyodhani. Vyuo na taasisi za utafiti vimeungana ndani ya COTUL kuchangia gharama za majarida. Kupitia Research4Life, ambayo sehemu yake ya afya, Hinari, ilianza 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, taasisi za Tanzania zimo kwenye kundi lisilolipa kitu. Kilimo, mazingira, teknolojia na sheria vina sehemu zao humohumo. Kwa nesi yule, kwa afisa ugani, kwa wakili mchanga wa Kisutu, milango ipo wazi.

Halafu unakuta nenosiri la taasisi limeandikwa kwenye karatasi, karatasi iko kwenye droo ya mkuu wa kitengo, na mkuu wa kitengo yuko likizo. Nawaelewa wenzangu. Masharti yanakataza nenosiri kuanikwa hadharani, na anayeogopa kulivujisha anaogopa kitu cha kweli: likivuja, taasisi inaweza kufungiwa. Lakini kulinda nenosiri na kuificha huduma ni mambo mawili tofauti. Maktaba inaweza kuweka proksi, ambapo mwanafunzi anaingia kwa namba yake ya usajili popote alipo, hata kwenye daladala, na mchapishaji anamwona kama aliyekaa ndani ya chuo. Proksi ikishakuwepo, DOI yoyote inaweza kuandikwa kwa kutanguliziwa anwani yake, na mhadhiri anayegawa orodha ya kusoma akagawa viungo vya namna hiyo badala ya namba tupu. Nesi wangu alipewa namba tupu. Mwalimu wake hakuwa na ubaya wowote, alinakili kilichoandikwa kwenye makala, na hakuna mkutubi aliyewahi kukaa naye dakika 10 akamwonyesha njia nyingine.

Pale ambapo hata proksi haijafika, DOI yenyewe inaweza kutumika kutafuta nakala ya wazi. Huduma ya Unpaywall inachukua namba hiyo na kukuambia kama mwandishi ameweka toleo halali mahali fulani bila malipo, labda kwenye hifadhi ya chuo chake. Mara nyingi jibu ni ndiyo. Ni bure, na mkutubi anaweza kuwafundisha darasa zima kwa saa moja.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, nao unaniuma zaidi, kwa sababu hapo hatuna mchapishaji wa ng'ambo wa kumsingizia. Ni machapisho yetu wenyewe.

Fungua hifadhi ya kidijitali ya chuo, chagua tasnifu yoyote, shuka hadi kwenye mstari wa kitambulishi. Nimeona mara nyingi, kwenye vyuo zaidi ya kimoja vya ukanda huu, mstari huo ukianza na neno "localhost" na kumalizikia na 123456789 na tarakimu chache mbele yake. Kwa asiyejua, inaonekana ni namba rasmi. Sivyo. Vyuo vingi vinatumia programu ya DSpace, iliyotoka MIT na maabara za HP mwaka 2002, na inapowekwa mara ya kwanza inakuja na 123456789 kama mfano tu, mahali pa kushikia nafasi mpaka chuo kisajili namba yake kwenye mfumo wa Handle. "Localhost" maana yake ni "kompyuta hiihii ninayotumia". Kwa hiyo tasnifu ya mwanafunzi wetu, iliyomchukua miaka mitatu na usiku mwingi wa kukatika umeme, inatangazwa duniani kwa kitambulishi kinachomwambia kila msomaji: nitafute ndani ya kompyuta yako. Ni sawa na bahasha iliyoandikwa "ipelekwe nyumbani" bila kusema nyumbani kwa nani. Na kwa vile kila chuo ambacho hakikusajili kimebaki na 123456789 ileile, tasnifu ya Dar na ya chuo kilichoko bara jingine zinaweza kubeba namba moja.

Dawa yake ni ndogo kiasi cha kuumiza. Kusajili namba ya chuo kwenye Handle kumekuwa, kwa miaka mingi, ni ada ya dola 50 kwa mwaka, pamoja na mistari michache kwenye faili la mipangilio, inayopaswa kubadilishwa kabla rekodi ya kwanza haijaingizwa. Ikifanyika baada ya miaka minane, ni kazi ya kusahihisha maelfu ya rekodi, na hapo ndipo kila mtu anasema tutaiangalia robo ijayo.

Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo tulihamisha hifadhi kwenda kwenye toleo jipya la programu. Ukurasa mpya ulipendeza, menejimenti ikatupongeza. Anwani zote za zamani zilikuwa na neno moja katikati ambalo toleo jipya halikulitambua, na hakuna aliyeandika kanuni ya kuzielekeza upya. Wiki mbili baadaye nikapigiwa simu na mhitimu wetu wa zamani. Alikuwa ameomba nafasi ya shahada ya uzamivu nje ya nchi, ameweka kiungo cha tasnifu yake kwenye maombi, na msimamizi mtarajiwa amemwandikia kwamba hakuna kitu pale. "Dada, tasnifu yangu mmeitoa?" Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa kuwa amefanya kosa. Nilimtumia kiungo kipya dakika ileile na kumwandikia msimamizi wake barua ya maelezo, lakini sikuweza kumwandikia kila mtu duniani aliyekuwa amenukuu tasnifu kutoka kwetu. Kosa lilikuwa letu sote tuliokuwa kwenye chumba kile, na lingezuilika kwa saa moja ya kazi.

Kwa majarida, kisingizio cha dola kimepungua nguvu. Tangu Januari 2023 Crossref imeziondolea ada za uanachama na za kusajili makala taasisi za nchi zilizo kwenye orodha yake ya uchumi wa chini, na Tanzania imo. Jarida la idara, lenye matoleo mawili kwa mwaka na mhariri asiyelipwa, linaweza leo kuzipa makala zake DOI bila kutoa senti. Kinachobaki ni ile ahadi: kuandika metadata, yaani maelezo ya kila makala, sawasawa, kuorodhesha marejeleo, na kubadilisha anwani tovuti ikihama. Mhariri mmoja mwenye vipindi sita kwa wiki hawezi kuibeba peke yake. Maktaba ya chuo inaweza.

Na inafaa ibebwe kwa ajili ya Kiswahili pia. Utafiti wa Kiswahili unaofanywa na TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Mlimani, una mizizi inayorudi hadi Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ya mwaka 1930. Ni takriban miaka 100 ya watu kuandika kwa makini juu ya lugha hii. Mifumo inayohesabu nani amemnukuu nani hufanya kazi kwa kulinganisha namba; makala ya isimu isiyo na kitambulishi, hata inukuliwe na watu 40, mashine inaona maandishi tu yasiyoelekea popote. Halafu kwenye vikao vya kupandishwa vyeo tunaambiwa tafiti za Kiswahili hazina wasomaji. DOI haibagui lugha. Kichwa cha makala, muhtasari, maneno ya msingi, vyote vinaweza kusajiliwa kwa Kiswahili kama vilivyo.

Niongeze kidogo kuhusu majina, maana dawatini kwangu linajitokeza kila wiki. Sisi tunaandika jina letu, la baba na la babu. Jarida moja linamwandika mtu kama Juma H., jingine kama Hamisi J. S., la tatu linachukua jina la babu kuwa ndilo la ukoo. Dada zetu wengine wanaongeza la mume katikati ya kazi. ORCID, namba ya tarakimu 16 iliyoanza kutolewa 2012, inamfuata mtafiti mwenyewe bila kujali jina limeandikwaje. Kuipata ni bure na ni dakika tano. Maktaba inayopokea tasnifu ingeweza kuiomba siku ileile ya kupokea, kama inavyoomba nakala laini.

Novemba 2018 maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipofunguliwa, yenye nafasi ya watu 2,100 na vitabu 800,000, nilikwenda kuiona kwa macho yangu, nikapanda ngazi zote, nikafurahi kama mtoto. Nataka tujenge nyingine kama ile. Ninachowaomba wanaopitisha bajeti ni kwamba, kila tunapojenga, kwenye muundo wa utumishi iwepo pia nafasi moja ya mkutubi ambaye kazi yake iliyoandikwa ni viungo: kulipitia daftari la haki, kusajili namba za machapisho ya chuo, kulipa ile ada ya mwaka kabla ya tarehe, kukaa na wahadhiri kabla muhula haujaanza na kuzigeuza orodha zao za kusoma ziwe njia zinazofika. Leo kazi hiyo anaifanya yeyote mwenye moyo, akipata muda, kati ya kuazimisha vitabu na kusaini fomu za wanaomaliza chuo. Akihamishwa, inakoma. Nimeiona ikikoma mara tatu.

Kwangu nimeanza na kidogo. Kila Jumatatu asubuhi, kabla hatujafungua milango, nachukua orodha ya kusoma ya kozi moja na kujaribu kiungo kimoja kimoja kwa simu yangu, kwa bando langu, nje ya mtandao wa ofisi, ili nione anachokiona mwanafunzi. Vilivyokufa navisahihisha, vinavyodai dola navitafutia mlango wetu, kisha orodha inarudi kwa mhadhiri.

Jumatatu iliyopita nikiwa katikati ya kazi hiyo, yule nesi alinitumia ujumbe wa WhatsApp: "Shikamoo dada, na hii je?" Chini yake palikuwa na 10, nukta, tarakimu nne na mkwaju. Niliifungua nikakuta mchapishaji ameiacha wazi tangu siku ya kwanza. Nikamjibu marahaba, hiyo ibonyeze tu, soma.